Uji, Wanga na Mashendea: Historia ya Bakuli la Mgonjwa Unguja

Jua likianza kuinamia upande wa Shangani, mbele ya lango la Hospitali ya Mnazi Mmoja hupita msafara ambao haumo katika faili la daktari yeyote: msafara wa mahotipoti. Mengine yamefungwa kanga yasipoe, mengine yametiwa ndani ya vikapu vya ukindu, na pembeni yake zipo chupa za chai ambazo ndani yake hamna chai. Wanaoyabeba wengi ni wanawake. Ni mashangazi, mama wadogo na mabinti wakubwa, waliotoka kwa miguu Mchangani au Kikwajuni, au walioteremka daladala kutoka mashamba.

Ndani ya wodi, sista hufunua vifuniko.

"Humu mna nini, mama?"

Kijana aliyekatwa kipande cha utumbo siku tatu nyuma ameletewa pweza wa nazi, kwa sababu pweza hutia nguvu na kila mtu Unguja anajua hivyo. Pweza anafungwa tena kwa kanga na kurudi alikotoka. Chupa ya pili ikifunguliwa, hutoka mvuke wenye harufu ya hiliki: uji wa mchele, mweupe, mwepesi, uliochujwa mpaka hauna hata punje. Huo unapita.

Uji huo ni mkongwe kuliko hospitali zote za kisiwa hiki. Umepita mikono mingi, na viungo vyake vimetoka mbali kuliko anavyofikiri mpishi anayeukoroga.

Yapo mambo mawili ambayo mtu wa Unguja akiyasikia hujua kuna mgonjwa ndani: sauti ya kinu saa isiyo ya kupika, na harufu ya mchele unaochemka bila kitunguu. Lakini chakula cha mgonjwa hapa hakikuanzia kwenye mchele. Wachimbaji wa mambo ya kale waliochekecha udongo wa Tumbe, huko Pemba, wamekuta kwamba wakaazi wa karne ya 8 hadi ya 10 walikula zaidi uwele. Ni katika mji wa baadaye wa Chwaka, hukohuko Pemba, kati ya karne ya 11 na ya 15, ndipo punje za mpunga zinapozidi. Kwa hiyo bibi wa kwanza kumkorogea uji mgonjwa wake visiwani huenda alikoroga uwele au mtama, mweusi mweusi, wenye makapi. Kwa tumbo zima huo ni uji mzuri sana. Kwa tumbo lililojeruhiwa, makapi yale ni kama mchanga kwenye kidonda.

Hapo ndipo wanga ulipopata kazi.

Wanga unaozungumzwa hapa si ule wa kitabu cha sayansi. Ni unga wa mmea uitwao mwanga, ambao wataalamu huuita Tacca leontopetaloides, mmea unaojiotea kwenye mchanga na maweni ya karibu na bahari. Majani yake yamepasukapasuka, na chini yake kuna viazi vya duara, vichungu mno. Kuutengeneza kunachosha. Viazi huchimbwa majani yakishanyauka, humenywa, hukunwa, na lile rojo huoshwa kwa maji mengi na kuchujwa. Maji huachwa yatue. Ya juu humwagwa, hutiwa mengine, nayo yakamwagwa, mpaka uchungu wote umekwenda zake. Kinachobaki chini ya chombo ni tope jeupe kama chokaa, ambalo likianikwa juani hugeuka unga mlaini unaoteleza baina ya vidole.

Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa kwa maji baridi, kisha kikatiwa maji ya moto, hugeuka uji wa kung'aa, kama kioo chenye ukungu. Hauna kamba, hauna makapi, hauna chembe. Tumbo linaloharisha hutulia nao. Na jina lake lilishinda umaarufu wa mmea wenyewe: mwanafunzi anayejibu leo darasani kwamba muhogo ni chakula cha wanga ametaja mmea wa pwani ambao pengine hajauona maishani mwake.

Wanga una ndugu yake, kanji, neno lililokuja na Wahindi. Pwani likatumika kwa unga wa kutilia nguo makali. Lakini Kusini mwa India, kwa Kitamil, kanji ni maji mazito ya mchele wanayopewa wagonjwa na watoto, na ndilo neno lililotoa jina ambalo mabaharia wa Kizungu walilibeba hadi kwao kuuita uji wote wa mchele wa Asia. Basi kitu cha ukoo mmoja kilisimamisha kanzu ya Ijumaa na kutuliza tumbo lililokuwa ndani ya kanzu hiyo.

Waingereza nao walikuwa na wanga wao, wa mmea mwingine kutoka visiwa vya Karibi, na katika karne ya 19 hapakuwa na chumba cha mgonjwa London kisicho na kopo lake. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, aliusema wazi: unafaa kwa haraka, lakini mwisho wa yote ni wanga na maji tu. Alikuwa na haki. Uji wa wanga mtupu humtuliza mtu bila ya kumjenga, na mgonjwa anayeshindwa kujenga nyama hawezi kuunga kidonda. Wapishi wa Unguja hawakuhitaji kusoma kitabu hicho ili kuongeza maziwa.

Mchele una kisa kirefu zaidi, na cha ajabu kidogo, kwa sababu ulikuwa chakula cha heshima cha kisiwa ambacho hakikujitosheleza kwa mchele. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 hakusimulia kutua Unguja, lakini alichokula Mogadishu kingeeleweka mara moja na mtu wa Mji Mkongwe: wali uliopikwa kwa samli, vitoweo pembeni, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari na tangawizi. Msafiri huyohuyo alipofika India aliandika juu ya kishri, yaani mchele uliopikwa pamoja na choroko na kuliwa kwa samli asubuhi. Karne nyingi baadaye chakula hicho kilipanda majahazi na kuja kukaa katika majumba ya Wahindi wa Unguja kwa jina la kichri. Kikipikwa kwa mgonjwa huwa laini mpaka choroko haionekani, na samli hupunguzwa ikabaki harufu. Ukiwa na mbinu ya kumlisha mtu nafaka na jamii ya kunde bila ya kuliudhi tumbo lake, ndiyo hiyo.

Halafu ikaja karafuu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, chini ya Seyyid Said, ardhi nzuri ya magharibi ya Unguja ilijaa mikarafuu. Penye mikarafuu hapalimwi mpunga. Kisiwa kikauza karafuu na kununua mchele, mwingi ukiletwa kutoka India. Tangu hapo sahani ya mgonjwa ikafungamana na bahari: meli ikichelewa, au bei ikipanda, bibi hutafuta chenga. Chenga ni zile punje zilizovunjika, rahisi zaidi, na kwa bahati njema ndizo zinazofaa zaidi kwa uji, kwani hulainika upesi na kutoa ute. Masikini alimpikia mgonjwa wake chenga kwa sababu ya umasikini na akawa amempikia vizuri.

Bahari hiyohiyo ilileta na kipindupindu. Kiliupiga mji mwaka 1858 na 1859, na katika wimbi hilo ndipo alipofariki Jilfidan, mama yake Salme binti Said, binti wa mfalme aliyezaliwa Mtoni. Salme, ambaye baadaye aliishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alitoa kitabu cha kumbukumbu zake mwaka 1886, na ndani yake mna sura nzima juu ya maradhi na matibabu ya nyumbani kwao. Kipindupindu kilirudi tena 1869 na 1870, na James Christie, daktari wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi mjini, alikifuatilia njia kwa njia, misafara na majahazi, mpaka akakiandikia kitabu kilichotoka 1876. Kati ya mambo yaliyomsumbua ni visima vya mjini vilivyo karibu mno na vyoo. Uji uwe mzuri namna gani, ukipikwa kwa maji ya kisima kile ni sumu. Mtu aliyefanya jambo kubwa zaidi kwa matumbo ya Waunguja katika karne ile hakuwa daktari wala mpishi. Alikuwa Sultani Barghash, aliyeleta mjini maji ya mfereji kutoka Chemchem.

Mgonjwa wa zama hizo alipofika mahali hawezi kumeza chakula, alinyweshwa kombe. Mwalimu huandika aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji, mara nyingi na marashi ya waridi, na mgonjwa akanywa kidogokidogo. Kombe halijatoka Unguja hata leo. Lina mambo ya imani ambayo makala hii haiyaingilii. Lakini hata mtu asiye na imani hiyo anaweza kuona kwamba mgonjwa aliyenyweshwa funda chache kila baada ya muda, na mtu aliyekaa kitako pembeni yake, alikuwa amepata maji na amepata mwenzake.

Elimu iliyoongoza mapishi haya ilikuwa ya tabia nne, joto na baridi, yabisi na rutuba, iliyotoka kwa Wayunani ikapita kwa Waarabu na kukaa pwani mpaka ikawa mali ya kila jiko. Chakula kiliangaliwa kina tabia gani kabla ya kuangaliwa kina ladha gani. Samaki fulani ni baridi, asali ni joto, mtu mwenye homa hapewi cha joto, mzazi hapewi cha baridi. Ndiyo maana mzazi wa Unguja, ndani ya siku zake arobaini, hunywa uji wa pilipili manga uliokolea mpaka unatoa machozi. Mafundisho ya Mtume nayo yalitoa mchango wake: katika hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha inasifiwa talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwamba humliwaza mgonjwa. Shayiri haikulimwa kisiwani, ikatafutwa madukani, na aliyeikosa alikoroga ngano.

Tatizo la elimu hii ni kwamba haikumtenganisha aliyepasuliwa utumbo na mzazi. Haikuwa na haja, kwa sababu karibu hakuna aliyepasuliwa utumbo akabaki kuhitaji uji. Ngiri iliyokwama, utumbo uliojisokota, kidole tumbo kilichopasuka: haya yalikuwa mauti, kwa sultani na kwa mchukuzi wa bandarini sawasawa.

Hospitali za kwanza za Kizungu zilikuja na dini. Desemba 1860 padri Fava na wenzake walitua kutoka kisiwa cha Réunion, wakiwa na masista wa Kikatoliki, wakafungua hospitali mjini. Waanglikana wa misheni ya UMCA walijenga kanisa lao Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, na katika miaka ya 1890 wakawa na hospitali pembeni yake. Bandarini, Tharia Topan, tajiri wa Kiismaili, alianzisha mwaka 1887 jengo la hospitali kuadhimisha miaka 50 ya Malkia Victoria. Alifariki 1891 kabla halijakwisha. Likamalizika 1894, lakini ndoto ya hospitali kubwa haikutimia. Mwaka 1900 lilinunuliwa kwa mali ya wakfu ya mfanyabiashara mwingine wa Kihindi, likawa zahanati ya kutoa dawa kwa masikini. Kila anayeshuka boti leo huliona, na roshani zake za mbao zilizochongwa kama lesi, na wengi hulipiga picha wakidhani ni kasri.

Pamoja na hospitali ikaja elimu mpya ya chakula, na si yote ilikuwa bora kuliko ile ya jikoni. Ugonjwa uliotawala fikra za wauguzi wa zama zile ulikuwa homa ya matumbo, ambayo hutoboa utumbo. Kwa hofu ya kutoboka, wagonjwa waliwekwa kwenye maziwa na supu nyepesi kwa wiki nyingi. Wengine walinusurika na homa wakaishia mifupa mitupu. Mwaka 1909 Warren Coleman na Philip Shaffer, huko New York, walionyesha kwamba mgonjwa wa homa ya matumbo akilishwa vya kutosha, chakula laini chenye nguvu, hupona vizuri zaidi kuliko anayenyimwa. Mabibi wengi wangeshangaa kwamba jambo hilo lilihitaji kuonyeshwa.

Lakini kulisha kunataka kitu cha kulisha. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na mchele wa Burma ukakatika Bahari ya Hindi yote. Unguja ikaingia kwenye mgao, na mgao wenyewe ukafuata rangi na asili ya mtu: walioandikwa Waarabu na Wahindi walipata mchele, walioandikwa Waafrika walielekezwa kwenye mahindi. Fikiria maana yake kwa nyumba yenye mgonjwa. Uji wa sembe si mbaya, na wapo waliopona nao. Ila mtu aliyezoea tangu utoto kwamba ugonjwa hutibiwa kwa uji wa mchele, akanyimwa mchele kwa sababu ya neno lililoandikwa kwenye daftari la serikali, hakusahau. Wanahistoria wa Zanzibar wameeleza jinsi watu walivyohangaika miaka ile kubadilisha kabila lao mbele ya makarani. Katika sababu zao, tumbo lilikuwamo.

Wale wa mashamba na wa mitaa ya Ng'ambo walirudi kwenye vya nyumbani. Muhogo, ambao jina lake limebaki kwenye mtaa wa Sokomuhogo, ulitoa uji wake, maadamu umetolewa ule uzi wa katikati. Shelisheli lilichemshwa na kupondwa. Wanga ukachimbwa tena na watu waliokuwa wameanza kuusahau.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 foleni zilirudi, safari hii chini ya serikali ya Mapinduzi iliyotaka visiwa vijilishe vyenyewe. Mchele ukawa wa kupimiwa. Kilo chache za nyumba nzima ziligawanywa, na fungu moja liliwekwa kando kwenye kopo la maziwa la bati, halikuguswa hata siku ya sikukuu. Lilikuwa la atakayeugua.

Hospitali yenyewe ilikuwa imeshabadilika jina. Jengo lililofunguliwa katika miaka ya 1950 kwa jina la Karimjee Jivanjee, kwa msaada wa familia hiyo ya wafanyabiashara, liliitwa V. I. Lenin baada ya Mapinduzi ya 1964, kisha likawa Mnazi Mmoja. Madaktari wapya wakaja, na kati yao Wachina wa jimbo la Jiangsu, ambao vikosi vyao vimekuwa vikipokezana Zanzibar tangu 1964. Walikuja na sindano zao nyembamba na visu vyao vya upasuaji. Kwa jambo la chakula cha mgonjwa hawakuwa wageni kabisa. Huko kwao pia mtu akitoka kitandani hupewa uji wa mchele, uliochemka mpaka punje zimefunguka kama maua, na chumvi kidogo. Daktari na shangazi mwenye chupa ya chai huenda hawakuelewana hata neno moja, lakini yaliyomo ndani ya chupa wote wawili waliyatambua.

Kanuni iliyotawala wodi za dunia nzima kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ilikuwa kali: aliyekatwa utumbo hali wala hanywi mpaka utumbo uamke, na dalili ya kuamka ni upepo. Watu wenye haya husema "ametoa upepo". Kwa wasio na haya lipo neno jingine. Nyumba nzima ya watu wazima, wenye heshima zao, ilikaa siku tatu ikisubiri habari ya ushuzi wa mzee, na ulipotoka ilipigwa simu mpaka Pemba. Katika miaka ya 1990 Henrik Kehlet, daktari mpasuaji wa Copenhagen, alianza kuivunja kanuni hiyo. Aliwanywesha wagonjwa mapema, akawalisha mapema, akawainua kutoka kitandani mapema, na wakatoka hospitali mapema. Wengine baadaye wakajaribu hata kumtafunisha mgonjwa bigijii ili utumbo udanganyike kwamba chakula kinakuja. Siku hizi kauli ya mwisho ni ya daktari aliyeushika utumbo huo kwa mkono wake, kwani mshono wa kila mtu una habari zake.

Ruhusa ikishatoka, ndipo ustadi wa jiko la Unguja unapoonekana. Siku za mwanzo ni vya kunywa: maji, chai ya rangi isiyokolea, supu ya kuku iliyochujwa na kuenguliwa mafuta. Dafu lina nafasi yake, ila kwa kiasi, maana kwa baadhi ya watu hufungua tumbo. Kisha uji wa mchele. Mchele hurowekwa, hutwangwa au hutiwa kwenye blenda, huchujwa, na hukorogwa juu ya seredani yenye moto mdogo bila ya kuondoa mkono, kwani ukiondoa mkono unashika chini na harufu ya kuungua haitoki tena. Chumvi chembe, sukari si nyingi, hiliki iliyosagwa na kutolewa maganda.

Baada ya hapo ni mashendea, na hapa inafaa kusimama kidogo. Mashendea ni wali uliotiwa maji maradufu, ukaachwa uchemke mpaka punje zimelainika na kuogelea katika ute wake. Si uji na si wali. Mpishi mvivu hudhani ni wali ulioharibika. Unataka mchele mweupe, usio na ganda, ambao lishe ya leo huusema vibaya kwa watu wazima wenye kisukari lakini kwa mshono mbichi ndio hasa unaotakiwa. Kitoweo chake ni chukuchuku: changu aliyechemshwa kwa maji, chumvi na ndimu, basi. Hakuna tui, hakuna mafuta, hakuna bizari. Tungule, ikiwa lazima iwemo, hutolewa ganda na mbegu. Mnofu hunyambuliwa kwa vidole, si kwa uma, kwa sababu kidole huhisi mwiba ambao jicho limeukosa.

Nazi ndiyo mtihani mkubwa, kwani mtu wa Unguja asiyeonja nazi kwa wiki mbili hujiona yuko ughaibuni. Wapishi wana suluhisho ndani ya kifumbu. Nazi iliyokunwa hukamuliwa mara ya kwanza ikatoa tui zito, na hilo ni la watu wazima wa nyumba. Ya pili hutoa jepesi. Ya tatu hutoa maji yenye rangi ya maziwa na kumbukumbu ya nazi, na hayo ndiyo yanayoweza kutiwa kwenye mbatata za kuponda au ndizi laini za mgonjwa bila ya mafuta yake kumvuruga. Yai la kuchemsha lililolainika huja siku hizohizo, na boflo lililochovywa kwenye chai. Sahani ni ndogo, lakini huja mara tano au sita kwa siku. Mwenye mfuko wa choo tumboni hujifunza haraka kwamba muhogo wenye kamba, mahindi ya kuchoma, machungwa na maganda yake ya ndani, njugu na mchicha vinaweza kuziba njia, na vinasubiri.

Desturi nazo hukosea. Uji wa pilipili manga, unaomfaa mzazi wa hospitali ya Mwembeladu, huletwa kwa aliyeshonwa utumbo na kumchoma. Pweza, kama tulivyoona, hufika mapema mno. Wageni wanaokuja kumtazama mgonjwa huleta maziwa lita mbili, naye anaona haya kukataa, usiku kucha tumbo linanguruma. Na kuna wale wanaonong'ona kwamba chakula chepesi hakitii nguvu, wakaingiza bokoboko chini ya kanga. Bokoboko, ngano na nyama iliyopondwa mpaka ikavutika, ni laini kweli. Samli iliyomo ndani yake ndiyo yenye matata.

Ukienda Darajani leo, kwenye soko lililojengwa 1904 na maduka yaliyolizunguka, utakuta mchele wa mapembe, wa Mbeya na wa basmati katika magunia yaliyofunguliwa midomo, na makopo ya Quaker yamepangwa mpaka darini. Wanga wa mwanga ni wa kuuliza. Muuzaji kijana huweza kukupa pakiti ya unga wa mahindi iliyotoka ng'ambo. Muuzaji mtu mzima hukutazama kwanza, kisha akauliza nani anaumwa.

Kule Mnazi Mmoja, kwenye siku ya nane au ya tisa, mahotipoti huanza kurudi yakiwa matupu kabisa. Mgonjwa amekwishapitia uji, amekula mashendea kwa changu, amechoka na mbatata. Shangazi anamuuliza kesho amletee nini, naye anajibu kwa sauti ya chini, huku akiangalia sista yuko wapi: urojo wa Forodhani, wenye kachori, na pilipili itiwe kando.

"Kando ya nini?" anauliza shangazi, na kufunika bakuli.